Jemadari kaumizwa utotoni: ndiyo afiche barua za mwenzake?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Morogoro. Tupo wanawake wanane, tuna kikundi cha kusoma, tunakutana mara moja kwa mwezi. Safari hii mwenzetu mmoja alileta riwaya ya Kiingereza ya mapenzi na uchawi, kurasa 620, tukakubaliana kuisoma. Wenye nakala za karatasi ni watatu, sisi wengine tunasomea kwenye simu.

Kwa kifupi ni hivi. Kuna binti mchora ramani, katika nchi ambayo njia zake huhama usiku. Mchumba wake wa kwanza aliiba ramani yake akaiuza kwa maadui, mji ukaangamia, lawama zikabaki kwa binti. Tangu hapo hachori mbele ya mtu. Anapelekwa ngome ya mpakani kwa jemadari ambaye alipokuwa na miaka 9 aliwekwa rehani kwa malkia adui, akakaa huko miaka 11. Jemadari huyu halali mlango ukiwa umefungwa, hataki mtu atembee nyuma yake, na akikasirika hutoweka siku tatu nne bila kuaga. Wanapendana. Kisha inagundulika kwamba jemadari alikuwa akizificha barua za kaka yake binti kwa miezi mitatu, eti anamlinda binti. Sura ya 31 anavua shati, anaonyesha makovu, anasimulia ya utotoni. Binti analia na kumsamehe papo hapo.

Kikundi kimegawanyika. Wengine wanasema huyo ni katili mnayempamba. Wengine wanajibu, "Nyie hamjawahi kuumizwa." Mmoja anasema mapepo ya kizungu hayatuhusu. Mwongoza mjadala ni mimi, na aibu yangu ni kwamba nimekwama ukurasa wa 130. Hayo ya sura ya 31 nimesimuliwa tu. Majina yana alama katikati, falme ni tano, na anayesema "mimi" mara ni binti, mara sijui ni nani.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mdogo wangu wa miaka 24 yumo kikundini. Anasema mchumba wake ni "jemadari mtupu": anapotea siku mbili tatu hapatikani, akirudi anasimulia alivyoteswa na mama wa kambo, yanaisha. Juzi nimegundua huyo mchumba anakagua simu ya mdogo wangu. Nikisema neno naambiwa sijui mapenzi ya watu waliojeruhiwa. Nifanyeje? Na kitabu cha pili tununue?

Mwongoza mjadala, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na kitabu, maana huwezi kuamua ugomvi wa sura ya 31 kwa habari za kusimuliwa.

Ukurasa mmoja wa riwaya za aina hii hubeba maneno kama 300. Umebakiwa na kurasa 490, yaani maneno 147,000 hivi. Ukisoma maneno 150 kwa dakika, mwendo wa kawaida kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, unahitaji saa 16 na dakika 20. Zigawe kwa siku 28, unapata dakika 35 kwa siku. Kwa hiyo urefu si tatizo. Kinachokukwamisha ni kutaka kuelewa kila kitu mara ya kwanza kinapotajwa. Watunzi wa fantasia humwaga falme, koo, sheria za uchawi na vita vya kale katika kurasa mia za mwanzo, wakijua kwamba vyenye maana vitarudi hadi uvizoee. Ambacho hakijarudi kufikia ukurasa wa 200, aghalabu ni pambo, kiache.

Chukua nusu karatasi uandike majina matano tu: wapenzi wawili, aliyemjeruhi binti, aliyemjeruhi jemadari, na yule atakayefaidika wawili hawa wakiachana. Huyo wa tano usimdharau, mara nyingi ndiye anayesukuma matukio ya nusu ya pili. Falme zibaki kwenye ramani. Riwaya nyingi za namna hii huweka ramani kurasa za mwanzo, na baadhi huweka mwishoni orodha ya majina na jinsi ya kuyatamka. Wanaosomea simu huvikosa kwa sababu programu hufungua kitabu moja kwa moja sura ya kwanza. Rudi kwenye yaliyomo uangalie. Majina yenye alama katikati yape matamshi yako ya Kiswahili, kisha usiyabadilishe tena. Jina usiloweza kulitamka macho huliruka, na ukiliruka mara tatu mhusika huyo umeshampoteza.

Huyo "mimi" asiyejulikana dawa yake ni kichwa cha sura. Riwaya nyingi za mapenzi za siku hizi husimuliwa na wapenzi wote wawili kwa zamu, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza, na jina la msimulizi huandikwa juu ya sura. Ukitelezesha kidole haraka unapita bila kuliona, kisha unasoma kurasa nne ukidhani binti ana ndevu. Likumbuke jambo hili la zamu, tutalihitaji kwa mdogo wako.

Neno gumu usilikimbilie kamusi hadi litokee mara tatu. Majina ya vipande vya deraya na aina za mikuki yaache yapite. Usiyaache maneno ya mwili: taya kukazwa, pumzi kukatika, mtu kurudi hatua moja nyuma. Fani hii hueleza moyo kwa mwili. Wapo watunzi wanaochosha kwa hilo, kweli. Jemadari akikaza taya kwa mara ya arobaini, hiyo ya arobaini haina habari mpya. Tafuta mahali ambapo mwili unafanya jambo usilolizoea: mtu asiyekubali kutembelewa nyuma ametangulia ngazini na hakugeuka. Hapo pigia mstari.

Sasa sura ya 31. Wenzako wanabishania kama jemadari ni katili au ni majeruhi, na mtu anaweza kuwa vyote viwili kabla ya adhuhuri. Wagawie karatasi yenye safu tatu: alichotendewa, anachofanya leo, na nani anaumia kwa hicho anachofanya.

Anza na mlango. Alifungiwa utotoni, leo analala mlango wazi, na anayepigwa na baridi ni yeye mwenyewe. Hakuna wa kumlaumu. Kutotaka mtu nyuma yake ni hivyo hivyo, walinzi wanapata usumbufu kidogo, basi. Kutoweka ni jambo jingine: jeraha linaeleza kwa nini hawezi kukaa kwenye ugomvi, lakini anayekesha siku nne ni binti. Jina kwenye safu ya tatu limebadilika. Halafu barua. Miaka 11 ya rehani inaweza kueleza hofu ya kuachwa, ila haielezi kwa nini mwanamke aliyekwisha kuibiwa ramani na mchumba aibiwe tena barua na mpenzi. Jemadari kamgonga palepale palipovunjika. Mtunzi anayeandika hivyo ama anajua na anaandaa siku ya kulipa, ama hajui kabisa. Kikundi chenu kinaweza kutambua ni lipi kati ya hayo, bila kubahatisha.

Riwaya ya mapenzi humwahidi msomaji mwisho wa heri, na kabla ya heri hiyo, yapata robo tatu ya kitabu, wapenzi hutengana. Katika kurasa 620, tarajia mtengano kati ya ukurasa wa 450 na wa 500. Angalia sura ya 31 iko wapi. Ikiwa imetangulia mtengano, msamaha wa papo hapo unaweza kuwa mtego wa makusudi: mtunzi amempa binti msamaha mbichi ili aje kuutema. Ukifika kwenye mtengano, tazama kama barua zinatajwa, kama binti anazidai zote, kama kaka yake anapewa nafasi ya kukasirika. Zikirudi, mtunzi alijua. Zisipotajwa tena hadi mwisho, basi makovu yametumika kama sabuni ya kufulia kosa, na wanaomwita katili wana haki ya kumlaumu mtunzi zaidi ya jemadari.

Kuna kipimo kingine cha sura hiyo. Daktari wa akili wa Marekani, Judith Herman, katika kitabu alichokitoa mwaka 1992 kuhusu kiwewe na kupona, alieleza hatua tatu: kwanza usalama, pili kukumbuka na kuomboleza, tatu kurudi kwenye maisha na watu. Hakudai kwamba zinakwenda kwa mstari ulionyooka, lakini usalama aliuweka mwanzo kwa sababu maalumu: mtu asiye salama hawezi kuomboleza, anaweza tu kuogopa. Katika sura yenu, jemadari anasimulia na binti analia. Muulizane: saa hiyo barua ziko mikononi mwa nani? Kama bado ziko kwenye sanduku lake, hiyo ni hatua ya pili bila ya kwanza, na anayekosa usalama chumbani mle si mwenye makovu. Kama alizikabidhi kwanza zote, ndipo akasimulia, mjadala unageuka kabisa. Swali hili moja linatosha nusu saa ya mazungumzo.

Kuhusu dalili zenyewe, msiishie kwenye jinamizi. Ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe uliingia kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, na toleo la 2013 linazipanga dalili zake katika makundi manne: tukio kurudi lenyewe kwa ndoto au kumbukumbu, kukwepa vinavyolikumbusha, fikra na hisia kuharibika, na mwili kukaa macho muda wote kana kwamba hatari iko mlangoni. Mtunzi mvivu hukupa la kwanza tu, kwa kuwa jinamizi linamleta mpenzi chumbani usiku. Aliyefanya kazi yake hukupa pia yale yasiyo na mahaba: kuwaka kwa jambo dogo, kutomwamini anayestahili kuaminiwa, kuacha kazi uliyoipenda.

Na hapo ndipo napenda mumtazame binti, maana naona wote mnahangaika na mwanaume. Kutochora mbele ya mtu ni jeraha lililoandikwa vizuri, limekaa katika kazi yake ya kila siku. Tafuta ukurasa anaochora tena, na mbele ya nani. Akichora kwa sababu jemadari kambusu, ni dhaifu. Akichora kwa sababu njia imehama na watu watapotelea bondeni, mkono ukitetemeka, mstari ukipinda, akafuta na kuendelea, kitabu hicho kina mtunzi hasa.

Mwambieni yule wa "mapepo ya kizungu" akisome tena *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, cha mwaka 1952. Kila usiku Adili, shingo upande, anawachapa manyani wawili kwa amri ya jini, na manyani hao ni ndugu zake waliomtendea ubaya. Uchawi umetoa nje jambo ambalo lingebaki rohoni: kumwadhibu uliyempenda na kuumia pamoja naye. Njia zinazohama usiku kwenye riwaya yenu zinafanya kazi hiyo hiyo, kwa mtu ambaye hajui tena kesho akanyage wapi.

Ila uchawi una hila moja ya kuiangalia. Laana huvunjika kwa usiku mmoja. Jeraha halivunjiki hivyo. Mtunzi akikufanya uamini kwamba ni kitu kimoja, laana ikiondoka na hasira inaondoka, na kutoweka kunaondoka, basi tabia haikubadilika, imefutwa. Vilevile kama kitabu kina kifungo cha majaaliwa, ile habari ya roho mbili zilizoandikiana kabla ya kuzaliwa, angalieni kama binti alimchagua jemadari kabla ya kuambiwa, na kama angeweza kukataa. Hadithi ya Kifaransa ya binti na mnyama, iliyochapishwa na mwandishi Villeneuve mwaka 1740 na kufupishwa na mwandishi Beaumont mwaka 1756, ndiyo bibi wa riwaya nyingi hizi. Mnyama yule alimpata binti kwa kumtisha baba yake, hilo halifutiki. Lakini kila jioni alimuuliza kama atakubali kuolewa naye, akajibiwa hapana, akaondoka. Na alipoombwa ruhusa ya kwenda kumwona baba, akaitoa. Jemadari wenu akiambiwa hapana hufanya nini? Hesabuni.

Siku ya mjadala, pigeni marufuku "nyie hamjawahi kuumizwa." Hujui nani kaumizwa kati ya wanane, na hakuna anayepaswa kufungua maisha yake ili apewe haki ya kusema. Wiki moja kabla, waliokwisha kumaliza wataje sura zenye mateso au kulazimishwa. Anayetaka kuruka aseme "naruka," asiulizwe sababu, na mwenzake amwandikie sentensi tatu za kilichotokea. Sura za kitandani msizisome kwa sauti labda wote waridhie. Inatosha kuuliza sura hiyo imebadilisha nini kati yao. Mara nyingi jibu ni "hakuna," na hilo nalo ni maoni kuhusu kitabu. Anayeona ndoto mbaya zimemrudia tangu aanze kusoma aache kitabu. Zikiendelea zaidi ya mwezi, aende kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, asisubiri kikundi.

Sasa mdogo wako. Usibishane naye juu ya jemadari, utashindwa, kwa sababu jemadari ana zamu yake ya kusimulia. Msomaji ameingia kichwani mwake, amesoma kwa macho yake kwamba anampenda binti kweli na anajuta kweli. Mchumba wa mdogo wako hana sura hiyo. Zile siku tatu alizopotea, hakuna ukurasa unaoonyesha alikuwa wapi na aliwaza nini. Kuna maneno yake tu aliporudi. Mdogo wako anaijaza zamu ya mwanaume kwa sauti aliyoiazima kitabuni. Mwambie hilo mara moja, kwa upole, mkiwa wawili, si mbele ya kikundi. Kisha nyamaza.

Siku nyingine muulize mambo ya wiki hii, si ya utoto wa mwanaume. Umesema hapana kwa lipi, akafanyaje? Nywila ya simu yako nani aliitaka, na wewe unaijua yake? Fedha zako unazitumia bila kutoa hesabu? Ni rafiki gani hujamwona tangu muanze uchumba? Mara ya mwisho aliposimulia ya mama wa kambo na ukamsamehe, mwezi uliofuata kilibadilika nini? Usimjibie. Mateso ya mama wa kambo yanaweza kuwa kweli tupu, usiyapinge, wala usimwite mwanaume mwongo. Ukimshambulia, mdogo wako atalazimika kumtetea. Ile karatasi ya safu tatu anayo tayari kutoka kikundini, na akili anayo.

Kukagua simu na kumtenga mtu na watu wake ni mambo ya kuchukulia kwa uzito hata kama hajawahi kuinua mkono. Akiinua, au akitisha kuinua, usingoje mtengano wa robo tatu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri hupokea kesi hizi pia. Mdogo wako ajue kwamba kwako mlango upo saa yoyote, na asiulizwe maswali usiku atakaokuja. Hifadhi pia namba za marafiki zake wawili.

Kitabu cha pili msinunue nakala nane. Kwanza hakikisheni mfululizo umekamilika na una vitabu vingapi, kwani mwisho wa heri ulioahidiwa unaweza kuwa umewekwa cha tatu, na baadhi ya mifululizo humbadilisha hata mpenzi njiani. Nunueni nakala moja, mtu mmoja asome sura tatu za mwanzo. Kama kaka mwenye barua anaonekana na ana la kusema, endeleeni. Kama jemadari kaamka mzima, mlango kaufunga kwa komeo na hakuna aliyeshangaa, tafuteni kitabu kingine.